Hadithi za Vita Zisitiwe Asali

Wako watu wazima wasemao kwamba hadithi za mazimwi na watu wa mawe hazifai kusomwa na vijana wa shule za sekondari. Sababu zao ni mbili: kwamba zinatisha, na kwamba ni uongo. Mimi ni mwalimu hapa Pap Onditi, nami nasema kuwa wamekosea mara mbili.

Chukueni, wasomaji wangu, hadithi ya Luanda Magere, ambayo mtoto wa Kiluo huisikia kabla hajajua kusoma. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya Wanandi iliugonga ikapinda. Aliua watu wengi mno, hata adui zake wakaona hawakubakiwa na silaha ila binti yao. Wakampeleka aolewe naye, kwa jina la amani. Siku moja mume aliugua, akamwamuru mkewe akichanje kivuli chake na kutia dawa. Binti akachanja, kivuli kikatoka damu. Usiku akatorokea kwao. Katika vita vilivyofuata mkuki mmoja ulikichoma kivuli, na shujaa akaanguka, akawa jiwe.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hii ili kusifu nguvu, tena kumlaumu mwanamke. Naupinga usimulizi huo. Ni kuitia shubiri asali. Itazameni ilivyo: ndoa imegeuzwa mtego, msichana amefanywa mkuki na wazee wake mwenyewe, na mtu asiyeweza kuumia amesahau kuwa wenzake huumia.

Je, huo ni uongo? Mwaka 1992 watu waliuana Sondu, mpakani mwa Nyakach na nchi ya Wakipsigis, si mbali na hapa. Mwaka 2023 damu ikamwagika tena huko huko. Magazeti yalitoa hesabu ya waliokufa, nayo ni kazi ya lazima. Lakini hesabu haielezi jinsi watu walionunuliana na kuuziana sokoni asubuhi wanavyowindana jioni. Ngano zetu zaeleza. Ndani yake zimwi huja kwanza kama kijana mzuri, mcheshi, mwenye adabu. Meno yake huonekana baadaye. Wala halitoki ng'ambo ya mto peke yake. Huvaa hata sura ya kijana wa kwetu.

Zinatisha? Naam, na vita vyatisha. Kijana aliyelelewa kwa mashujaa wasiotoka damu ndiye aliye rahisi kuamshwa usiku na kupewa upinde.

Jambo moja hunisumbua. Nimeisikia hadithi hii kwa wazee wengi, na kila mmoja alimwacha yule binti njiani, akikimbia gizani. Mama yake alimpokeaje? Alipoletewa habari ya ushindi, alicheka au alilia? Waulizeni nyanya zenu leo usiku. Nao wasipojua, andikeni ninyi.