Mja mzito, usingoje tumbo lionekane

Akina mama wengi huficha mimba changa. Wapo wanaohofia macho ya majirani, na wapo wanaoona si adabu kutangaza jambo ambalo halijakomaa. Basi safari ya kwanza ya kliniki hungoja hadi mwezi wa tano au wa sita, tumbo likiwa limekwisha kujitangaza lenyewe.

Mama, majirani wafiche ukipenda, lakini usimfiche muuguzi.

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Presha ya mimba, ile ambayo ikizidi huleta kifafa cha mimba, haifuati methali hiyo. Kwa kawaida presha hupanda na protini kuonekana kwenye mkojo baada ya wiki 20. Lakini kasoro huanza mapema, kondo la nyuma linapojishikiza katika mji wa mimba, na mama hasikii lolote.

Hata hivyo, hatari hiyo yaweza kubashiriwa. Kati ya wiki ya 11 na ya 13, hospitali zenye vifaa hupima presha, damu, na jinsi damu inavyopita katika mishipa ya mji wa mimba. Zahanati isiyo na mashine hizo ina maswali. Je, hii ni mimba ya kwanza? Ile iliyopita ilikuwa na presha? Mama au dada yako alipatwa? Una kisukari au ugonjwa wa figo? Umebeba pacha? Yajibu kwa ukweli.

Faida ipo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na Profesa Kypros Nicolaides wa London, uliohusisha wanawake 1,776 waliokuwa hatarini. Waliomeza aspirini miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14 na kuacha wiki ya 36, ni asilimia 1.6 tu waliopatwa kabla ya wiki 37. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa asilimia 4.3. Lakini usikimbilie duka la dawa. Ni daktari anayeamua nani aimeze na kiasi gani.

Baadaye, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba au ukihisi maumivu chini ya mbavu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nawe baba, mkeo akikunong'onezea habari njema, mtafutie nauli ya kliniki wiki hiyo hiyo. Nguo za mtoto zitanunuliwa baadaye.