Kampuni Tatu na Bei Isiyo na Haraka ya Kushuka

Tarehe 19 Aprili 2011, Seagate ya Marekani iliwasilisha Brussels maombi ya kununua biashara ya hadidiski ya Samsung. Kesho yake Western Digital, nayo ya Marekani, ikawasilisha ya kwake: inataka kuinunua Hitachi GST, kampuni iliyoshughulikia hadidiski za Hitachi. Tofauti ya siku moja. Kwa utaratibu wa Tume ya Ulaya, aliyetangulia kuwasilisha hupimwa kwanza, na anayemfuata huhesabiwa kama bado hajafika. Seagate ikapimwa kama kampuni inayolitoa soko kwa watengenezaji watano na kulifikisha kwa wanne, ikaruhusiwa Oktoba bila sharti lolote. Western Digital ilipofikiwa, soko lilikuwa limeshakuwa la wanne na yenyewe ndiyo inayolishusha hadi watatu. Ikaruhusiwa Novemba, lakini kwa sharti la kuuza sehemu ya mitambo yake ya diski za inchi 3.5, zile za kompyuta za mezani. Mnunuzi akawa Toshiba.

Kinachochekesha ni kwamba Western Digital ndiyo iliyotangulia kutangaza nia, mwezi Machi, wiki sita kabla ya mwenzake. Ilichelewa dirishani tu. Kwa mnunuzi wa kawaida, foleni ile haikuwa na maana yoyote. Apimwe huyu kwanza au yule, mwisho wa yote duniani zilibaki kampuni tatu za kutengeneza hadidiski: Seagate, Western Digital na Toshiba. Ndivyo ilivyo mpaka leo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. IBM ilipotoa hadidiski ya kwanza mwaka 1956, kabati zima lenye sahani 50 na nafasi ya herufi milioni 5, ilifungua biashara iliyokuja kuvutia kampuni zaidi ya 200. Nyingi zilikufa. Nyingine zilimezwa: Seagate ilichukua Conner mwaka 1996 na Maxtor mwaka 2006, na Maxtor yenyewe ilikuwa imeshaimeza biashara ya diski ya Quantum. IBM, mwanzilishi wa yote, iliwauzia Hitachi. Fujitsu ilijitoa mwaka 2009 na kuwaachia Toshiba. Kuungana kwa kampuni, basi, ni mazoea ya zamani katika fani hii. Jipya la mwaka 2011 lilikuwa kwamba baada ya hapo hakubaki wa kumezwa.

Na mwaka huohuo yakaja mafuriko.

Thailand ilikuwa mojawapo ya karakana kuu za hadidiski duniani. Oktoba 2011 maji yaliyokuwa yakishuka kutoka kaskazini yalivunja kingo na kuingia katika maeneo ya viwanda ya mkoa wa Ayutthaya, likiwemo Bang Pa-in, ambako Western Digital ilikuwa na mitambo yake muhimu. Zaidi ya nusu ya diski za kampuni hiyo zilitoka Thailand. Wapiga mbizi walilazimika kuopoa mashine ndani ya viwanda. Viwanda vya Seagate nchini humo havikuzama, lakini wanaoiuzia vipuri walizama. Mmoja wa walioguswa ni Nidec ya Japani, inayotengeneza mota za kuzungusha sahani za diski nyingi kuliko washindani wake wote wakiwekwa pamoja. Diski bila mota ni kipande cha bati.

Bei zikaruka. Katika muda wa wiki chache diski nyingi ziliuzwa mara mbili ya bei ya awali, nyingine karibu mara tatu. Backblaze, kampuni ya California inayohifadhi data za wateja kwa malipo ya mwezi, iligundua kwamba diski za nje, zile za kuchomeka kwa waya, bado zilikuwa rahisi kuliko za ndani, ingawa ndani ya kasha ni diski ileile. Wafanyakazi wake wakaanza kuzunguka katika maduka makubwa ya rejareja kununua mbili mbili, maana maduka yaliweka kikomo kwa kila mteja. Jamaa na marafiki nao wakatumwa. Jioni makasha yanavunjwa, diski zinatolewa na kupangwa kwenye seva. Baadhi ya wafanyakazi walifika mahali wakapigwa marufuku kununua katika duka fulani.

Mpaka hapo hakuna wa kulaumiwa. Kiwanda kikizama, bidhaa hupungua, na bidhaa ikipungua bei hupanda. Hilo hata mwuza nyanya wa Ilala analijua. Kinachohitaji kutazamwa kwa jicho kali ni kilichofuata.

Katika miezi mitatu iliyoishia Desemba 2011, Seagate ilipata faida ya dola milioni 563. Kipindi kama hicho mwaka uliotangulia ilikuwa imepata milioni 150. Miezi mitatu iliyofuata faida ilivuka dola bilioni 1. Mtu anaweza kusema hiyo ni bahati ya aliyenusurika. Sawa. Lakini Western Digital, ambayo viwanda vyake ndivyo vilivyozama, ilianza tena uzalishaji Bang Pa-in mwishoni mwa Novemba 2011, na katika miezi mitatu iliyoishia Juni 2012 ikatangaza faida ya dola milioni 745, wakati mwaka mmoja kabla, ikiwa kavu kabisa, ilipata milioni 158. Aliyeshindwa na maji alitoka majini akiwa tajiri kuliko alivyoingia.

Katika soko lenye wauzaji wanane au kumi, hali hiyo haidumu. Mmoja wao, mara nyingi yule mdogo mwenye njaa, huona nafasi: anashusha bei kidogo ili ajinyakulie wateja, wengine wanalazimika kumfuata. Mwaka 2012 yule mdogo mwenye njaa hakuwepo. Samsung, iliyokuwa na sifa ya kuuza kwa bei ya kubana, ilikuwa imeingia mkononi mwa Seagate. Toshiba, iliyotegemewa na Tume ya Ulaya kuwa mshindani mpya wa diski za mezani, ilikuwa ndiyo kwanza inapokea mitambo. Wauzaji watatu hawahitaji kikao cha siri wala kupigiana simu. Kila mmoja anatazama orodha ya bei ya mwenzake, anaona hakuna anayekimbia, naye anatembea.

Ushahidi mzuri zaidi wa hali hiyo hauko hata kwenye bei. Uko kwenye waranti. Desemba 2011, huku wateja wakilipa mara mbili, Western Digital ilipunguza waranti ya diski zake za kawaida kutoka miaka 3 hadi 2. Seagate nayo, mwezi huohuo, ikapunguza za kwake, baadhi hadi mwaka 1. Bidhaa ileile, bei kubwa zaidi, ulinzi mdogo zaidi, na mteja hana pa kukimbilia.

Katika wakaguzi wa dunia, China ndiyo iliyoonekana kulishuku jambo hili kwa dhati. Wizara yake ya biashara iliruhusu mikataba yote miwili kwa sharti zito: Seagate iiendeshe biashara ya Samsung, na Western Digital iiendeshe Hitachi, kama washindani waliotengana nao kwa muda, wenye mauzo na bei zao. Western Digital haikulegezewa mpaka Oktoba 2015. Kampuni zililalamika kwamba huo ni upotevu wa fedha. Yawezekana, lakini angalau kuna mtu aliyeuliza swali linalostahili.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Wanaotetea muungano husema biashara hii ilikuwa imefikia hatua ya kujimaliza: faida nyembamba, mashine za mabilioni, na teknolojia ambayo kila kizazi chake ni kigumu kuliko kilichopita. Wana hoja. Diski za sasa za Seagate, zinazotumia miale ya leza kupasha moto nukta ndogo ya sahani kabla ya kuandika, zilichukua zaidi ya miaka 20 ya utafiti hadi kufikia wateja wakubwa mwaka 2024 zikiwa na terabaiti 30 na zaidi. Kampuni ndogo isingeufikia mwaka huo hai. Wala si kweli kwamba bei zimekwama. Hesabu ambazo Backblaze imekuwa ikizitangaza zinaonyesha gigabaiti moja ilikuwa takriban senti 11 za dola mwaka 2009 na chini ya senti 2 mwaka 2022.

Ila senti hizo ni za mwenye kununua diski kubwa kwa maelfu. Anayetaka diski moja ndogo ya kuweka hesabu za duka hanufaiki hivyo, kwa kuwa kasha, mota na mkono wa kusomea vina gharama ileile diski iwe na nafasi kubwa au ndogo. Watengenezaji nao wamegeuza macho. Mwaka 2010 diski zaidi ya milioni 650 ziliuzwa duniani. SSD, hifadhi za chipu zisizo na sahani inayozunguka, zimelila soko hilo, na kilichobaki kwa kiasi kikubwa ni vituo vya data vya kampuni chache kubwa. Hao ndio wateja. Wengine wanapata kilichosalia.

Dalili ya kudharauliwa huko ilijitokeza Aprili 2020. Watumiaji wa diski za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya makasha yenye diski kadhaa zinazofanya kazi pamoja, waliona diski mpya zikishindwa kujiunga na za zamani. Ikabainika kwamba baadhi ya matoleo yalikuwa yamebadilishwa kimyakimya na kuandikwa kwa mtindo wa kupandanisha mistari ya data kama vigae vya paa: nafasi huongezeka, lakini kurekebisha mstari mmoja hulazimu kuandika upya na ya jirani. Kwenye kasha la bidhaa hakukuwa na neno. Western Digital ikabanwa ikakiri. Mnunuzi aliyekasirika akataka kuhamia kwa mshindani, na hapo ndipo kichekesho: Seagate na Toshiba nao walikuwa wakiuza diski za aina hiyo bila kuzitaja. Watatu kati ya watatu.

Na ukiritimba hauchagui wa kumtafuna. Ndani ya kila hadidiski kuna springi nyembamba inayokishika kichwa cha kusomea juu ya sahani. Wanaoitengeneza nao ni wachache mno. Mwaka 2019 NHK Spring ya Japani ilikubali mbele ya Wizara ya Sheria ya Marekani kwamba ilishirikiana na washindani kupanga bei za springi hizo tangu mwaka 2008 hadi 2016, ikatozwa faini ya dola milioni 28.5. Miongoni mwa walioumizwa alikuwemo Seagate, ambaye alikwenda mahakamani kudai fidia. Malalamiko yake yangeweza kunakiliwa neno kwa neno na mteja wa rejareja dhidi yake.

Bei ya diski mpya ikipanda, soko la mtumba hunenepa. Anayenunua diski Kariakoo au Luthuli, Nairobi, analifahamu swali la kwanza la fundi: unataka mpya au used? Fundi mwaminifu ataichomeka kwenye kompyuta yake, afungue programu ya kupima afya ya diski, na amwonyeshe mteja idadi ya saa ambazo imefanya kazi. Saa 40,000 ni kama miaka minne na nusu bila kuzimwa. Tatizo ni kwamba namba hiyo hufutika. Januari 2025 wanunuzi Ujerumani waligundua kuwa diski za Seagate aina ya Exos walizouziwa kama mpya, katika maduka halali, zilikuwa zimeshachoka; kumbukumbu ya kawaida ilisoma sifuri, lakini kumbukumbu nyingine ya ndani ilionyesha maelfu ya saa. Nyingi zilidhaniwa kutoka kwenye mashamba ya Chia, sarafu ya mtandaoni iliyochimbwa kwa nafasi ya diski badala ya umeme mwingi, ambayo mwaka 2021 ilizikausha diski kubwa madukani Asia. Kama mnunuzi wa Ujerumani, mwenye sheria kali za kumlinda mlaji, aliuziwa, wa Kariakoo ana kinga gani?

Sasa wimbi jingine limeanza. Septemba 2025 Western Digital iliwaarifu wateja kwamba bei za hadidiski zake zote zitapanda hatua kwa hatua, mahitaji yakiwa yamesukumwa na vituo vya data vya akili mnemba. Desemba mwaka huo Micron, mmoja wa wazalishaji wachache wa chipu za kumbukumbu, akatangaza kuachana na bidhaa zake za Crucial kwa wanunuzi wa kawaida ili awahudumie wateja wakubwa. Safari hii hakuna kiwanda kilichozama.

Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya haziwezi kuivunja Seagate, na ile ya COMESA ilianza kazi mwaka 2013, mikataba ikiwa imeshapita. Lakini zinaweza kudai mambo ambayo hayahitaji ruhusa ya Brussels wala Beijing: anayeingiza diski iliyotumika aandike hivyo kwenye kasha, aina ya uandishi wa data itajwe, na waranti iwe ni ya muuzaji aliye hapa, badala ya karatasi inayomtaka mteja wa Mbeya arudishe diski Dubai. Serikali nazo, ambazo kila mwaka hununua kompyuta na seva kwa ajili ya hospitali, mahakama na ofisi za ardhi, zinaweza kuyaweka masharti hayohayo kwenye zabuni, na kufungia bei ya diski za akiba kwa miaka mitatu siku ileile zinaponunua seva, kabla muuzaji hajajua kwamba mteja hana njia nyingine.