Kihispania Kisifukuzwe Darasani

Anayejifunza Kiingereza Mexico, Colombia au Uhispania huambiwa mapema kwamba adui yake mkubwa ni lugha aliyolelewa nayo. Shule za lugha hujinadi kwa masomo ya Kiingereza kitupu. Wako walimu wanaokataza hata kamusi ya lugha mbili, wakiamini kila neno la Kihispania linamrudisha mwanafunzi nyuma. Imani hiyo ni potofu, na hasara yake humwangukia mlipa ada.

Chukua kosa linalosikika kila siku: "Is important to study." Mwalimu asiyejua Kihispania atalisahihisha mwaka mzima bila kujua linatoka wapi. Katika Kihispania, "es importante" inajitosheleza. Haidai kiwakilishi mbele yake. Mswahili ataelewa upesi, kwa kuwa "ni muhimu" haikidai pia. Umri nao ni vivyo hivyo. Mhispania husema "tengo veinte años", sawasawa na Mswahili anayesema ana miaka ishirini, kisha huuhamisha muundo huo na kupata "I have twenty years". Dakika mbili za kuzilinganisha lugha hizo, tena kwa Kihispania, zinatosha kumwonyesha mwanafunzi chanzo cha kosa. Kumnyima dakika hizo ni kumwacha apapase.

Kwenye msamiati hasara ni kubwa zaidi. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilivuna maelfu ya maneno ya Kifaransa na Kilatini, na Kihispania ni mtoto wa Kilatini. Kwa hiyo "tolerate" na "postpone", maneno yanayowatisha wanafunzi wengi duniani, Mhispania anayajua tayari: "tolerar", "posponer". Kinachomshinda ni "put up with" na "put off", vitenzi vifupi vya mazungumzo ambavyo vihusishi vyake hugeuza maana yote. Mwalimu anayelijua hilo atayapitia haraka yale marefu na kutumia muda kwenye haya mafupi. Atatahadharisha pia kuhusu maneno yenye sura moja na maana mbili: "embarazada" ni mjamzito, si mtu aliyeona haya, "librería" ni duka la vitabu, si maktaba, "actualmente" ni kwa sasa, wala si "actually".

Ni kweli mwanafunzi anahitaji kusikia na kusema Kiingereza kwa wingi, na mwalimu anayehutubia kwa Kihispania saa nzima anamnyima haki yake. Lakini dawa ya uzembe huo si marufuku.

Marufuku yenyewe ina historia, na sehemu yake iko Afrika Mashariki. Mwaka 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza. Miongoni mwa misimamo iliyotoka huko ni kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza pekee, na kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson aliichambua misimamo hiyo na kuiita kwa jina linaloistahili: upotofu.

California iliigeuza imani hiyo kuwa sheria. Mwaka 1998 wapiga kura walipitisha Pendekezo 227, lililowabana watoto wa wahamiaji, wengi wao wasemaji wa Kihispania, wafundishwe karibu kila kitu kwa Kiingereza. Tathmini ya miaka mitano iliyotolewa mwaka 2006 haikupata ushahidi wa kutosha kwamba njia hiyo inaishinda elimu ya lugha mbili. Mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo hilohilo walilegeza masharti hayo kwa kupitisha Pendekezo 58. Watoto wa California wamefunguliwa mlango. Shule za lugha zinazowatoza watu wazima fedha zao zingali zinawafungia, na hazijatoa sababu ya maana.