Asiyetamani Si Mgumba

Katika masomo ya msamiati sisi walimu hufundisha hanithi, tasa, mgumba, kapera na mseja, kisha twadhani tumemaliza habari za watu wasiozaa. Hatujamaliza. Hanithi ni neno la uwezo wa mwili. Tasa na mgumba ni ya kukosa mtoto. Kapera na mseja ni ya kukosa ndoa. Yuko mtu ambaye mwili wake ni mzima, na pengine ndoa anayo, ila tangu baleghe hajapata kumtamani mwanamume wala mwanamke. Huyo twambandika jina la hanithi, naye akitaka mtoto twamcheka.

Mwaka 2004 mtaalamu Anthony Bogaert wa Kanada alichapisha uchunguzi wa Waingereza zaidi ya 18,000. Kiasi cha mmoja katika kila mia alisema hajapata kumtamani mtu yeyote. Si maradhi hayo.

Wapinzani wetu hushika methali "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi", wakidai kwamba pasipo tamaa hapana huba ya mwana. Hoja dhaifu kabisa! Kukosa tamaa si kukosa mbegu. Tena na waitazame pwani ya Wabajuni. Vita vya 1991 viliwatawanya watu wa Kismayo, Koyama, Chovai na Chula. Wengi walivuka bahari hadi Lamu na Mombasa, wengine wakaishia kambi ya Jomvu. Watoto waliopotewa na wazazi waliangukia mikononi mwa shangazi, mama wadogo na wajomba. Nani aliwauliza walezi hao habari za kitandani kabla ya kuwakabidhi mtoto? Uislamu waijua kafala tangu kale: yatima hulelewa pasipo kubadilishiwa nasaba. Imetajwa hata katika kifungu cha 20 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Somalia iliuridhia mwaka 2015. Matamanio hayamo katika masharti yake.

Ajabu ni kwamba "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea" twaiandika ubaoni kila muhula, na mlezi wa namna hii akitokea mtaani twamsengenya.

Hadi litakapopatikana neno bora, tunapendekeza iandikwe "asiye na matamanio". Ni refu, kweli, na wanafunzi watanung'unika. Lakini atakayemwita mtu huyo mgumba katika insha, na akatwe alama.