Kikohozi cha Machimboni Si Vumbi Tu

Wana Apolo, yaani wachimbaji wa migodi ya Mirerani, wana jibu moja kwa kila kikohozi: vumbi. Ukiamka umelowa jasho, wanasema ni joto la mgodini. Ukikonda, ni kazi. Jibu hilo linaua watu.

Vumbi halina vijidudu vya kifua kikuu, ila lile la mwamba lina silika, ambayo huharibu mapafu taratibu na kuyapunguzia kinga. Ndiyo maana mchimbaji hupata TB kirahisi kuliko wengine. Halafu usiku wanalala watano au sita chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa mfuko wa saruji kuzuia baridi. Mmoja akikohoa, wote wanavuta hewa hiyo hiyo. TB haipiti kwenye sahani wala kikombe; kumtengea mgonjwa kijiko chake huku dirisha limezibwa ni kumdhalilisha bure.

Kikohozi kikifika wiki mbili, achana na dawa ya maji ya dukani. Nenda kituo cha afya ukatoe makohozi yaliyotoka kifuani hasa, siyo mate. Katika vituo vya serikali, kupima na kutibiwa TB ni bure.

Balaa kubwa, kwa maoni yangu, huja baada ya mwezi mmoja au miwili ya dawa. Homa imekata, uzito umerudi, mkojo wa rangi ya chungwa uliomtisha mgonjwa mwanzoni (ni dawa tu, hauna madhara) ameshauzoea. Mara anasikia shimo fulani limetoa mawe. Anafunga begi, dawa anaziacha. Vijidudu vilivyobaki vinaweza kugeuka sugu, na akimkoholea mwenzake kwenye shimo jipya anaweza kumwambukiza TB ambayo dawa za kawaida haziiwezi. Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, inawapokea wagonjwa wa namna hiyo, na matibabu yao ni mazito zaidi.

Dozi ya kawaida ni miezi sita. Kama ni lazima uhame, omba barua ya uhamisho uendelee na dawa huko uendako. Wenye migodi, toboeni mwamba kwa maji ili vumbi lisipae. Na wewe unayerudi kwa familia na kikohozi, pima kabla hujapanda basi. Ukikutwa na TB, watoto wa nyumbani wa chini ya miaka mitano wapelekwe kituoni wakachunguzwe na, wasipokutwa nayo, wapewe dawa ya kinga.