Mwenye Mizani Anapokuwa Mchuuzi

Aghalabu wanaozitetea kampuni kubwa za teknolojia hutoa mfano wa duka: mwenye duka ana haki ya kupanga rafu zake apendavyo, na hapana sheria inayomlazimu kuitanguliza bidhaa ya jirani. Hoja hii ina mvuto, ila inapwaya inapopimwa kwa kesi ya Google huko Ulaya.

Mnamo mwaka wa 2009, Foundem, tovuti ndogo ya Uingereza iliyowasaidia wanunuzi kulinganisha bei, iliwasilisha malalamiko mbele ya Tume ya Ulaya. Uamuzi ulitolewa tarehe 27 Juni 2017. Tume ilibaini kwamba kanuni za kikompyuta za Google ziliwashusha washindani hao, hivi kwamba hata aliyefanya vyema zaidi miongoni mwao alijitokeza, kwa wastani, katika ukurasa wa nne wa matokeo. Huduma ya Google yenyewe, ambayo kanuni hizo hazikuigusa, iliwekwa juu kabisa. Na ni nani hufika ukurasa wa nne? Kwa mujibu wa Tume, ukurasa wa kwanza wa kompyuta hupata takriban asilimia 95 ya mibofyo. Faini ilikuwa yuro bilioni 2.42.

Hapa ndipo mfano wa duka unapovunjika. Anayeandika swali kwenye Google haingii dukani. Anaomba kuelekezwa njia. Ni kweli kwamba Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ilipoidhinisha faini hiyo tarehe 10 Septemba 2024, ilikiri kuwa kujipendelea si hatia katika kila hali. Dhuluma iko katika kuweka mizani, kuwapimia wengine, kisha kuiepusha bidhaa yako na mizani iyo hiyo.

Wapo wadaio kwamba mnunuzi hakudhurika maadamu huduma ilikuwa ya bure. Ajabu ya dai hili ni kwamba wauzaji walikuwa wakiilipa Google ili waonekane, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kwamba huenda bei nafuu zaidi ilifukiwa kurasa tatu chini.

Tangu Machi 2024, Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya inazikataza waziwazi kampuni kama hizo kujipendelea katika upangaji wa matokeo. Foundem haikuifaidi. Ilikuwa imefungwa mwaka wa 2016, kabla ya uamuzi ulioipa haki.