Someni na mstari wa kumi

NENO LA WIKI
Na Elifuraha Mbwambo

Yeremia 29:11 ni kati ya mistari inayopendwa sana makanisani kwetu. Utaukuta kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye kalenda ya kwaya, kwenye kadi ya mahafali. Unatuhakikishia kwamba Mungu anatuwazia mema na ametuwekea tumaini mbele yetu. Nami naupenda. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunauanzia hapo hapo na kuuruka mstari wa kumi.

Mstari wa kumi unataja miaka 70 ya kungoja. Mistari hii ni ya barua ambayo Yeremia aliwapelekea Wayahudi waliohamishwa Babeli kwa nguvu, watu waliokuwa wakidanganywa na manabii kwamba shida itakwisha upesi. Nabii Hanania, kule Yerusalemu, alitaja miaka miwili tu. Yeremia akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe watoto wao huko huko. Mtu mzima aliyeisikia barua hiyo ikisomwa alielewa kwamba atazikwa ugenini. Mpango wa Mungu ulikuwapo, tena mwema, ila yeye mwenyewe asingeuona ukitimia.

Hili tunalisahau hasa misibani. Mama amefiwa na mwanawe, amekaa mkekani, kanga imemfunika mpaka kichwani, na kabla hajalia akatosheka mtu anamwinamia: "Nyamaza, mama, ni mpango wa Mungu." Anayesema ana nia njema kabisa. Lakini anachosikia mama ni kwamba Mungu ndiye aliyetaka mwanawe afe, na kwamba akithubutu kuuliza kwa nini, amepungukiwa imani. Basi ananyamaza. Jumapili anakuja ibadani, anaimba, anatoa sadaka, anasalimiana na watu mlangoni, na hofu yake anarudi nayo nyumbani kwa kuwa hakuna aliyempa nafasi ya kuitaja.

Biblia haimfanyii mtu hivyo. Zaburi ya 88 ni malalamiko toka mwanzo hadi mwisho, na inaishia gizani, haimalizii kwa shukrani kama nyingine. Waliozikusanya zaburi hawakuiondoa. Walijua kwamba anayemlalamikia Mungu bado anaongea na Mungu.

Na hapa kwetu pia tunao waliotangulia. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Rabai mwaka 1846, miaka miwili baada ya mwenzake Krapf kumzika mkewe na mtoto wao mchanga Mombasa. Rebmann akadumu pwani miaka 29. Alimzika mkewe, akapofuka macho, na alipoondoka mwaka 1875 waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Mwaka uliofuata alifariki Ujerumani. Leo Wakristo wa Kenya na Tanzania ni mamilioni, na hata mmoja wa mamilioni hao yeye hakumwona. Nikimfikiria Rebmann siwezi tena kuhubiri kwamba ukiamini vizuri utajibiwa kabla mwaka haujaisha.

Ninachowaomba wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya ni kitu kimoja: mtu akiwaambia ameshindwa kuomba, au anaogopa kwamba Mungu amemwacha, msikimbilie kumkemea wala kumwekea mikono kana kwamba ana pepo. Kaeni naye. Mwacheni aseme mpaka amalize, hata kama mna ibada nyingine saa nne.

Yohana Mbatizaji, aliyembatiza Yesu kwa mikono yake, alipokuwa gerezani alituma wanafunzi wake wakamwulize kama kweli ndiye yule ajaye, au wamngoje mwingine. Yesu hakukasirika. Aliwaambia warudi wakamweleze Yohana waliyoyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa. Gereza halikufunguliwa. Lakini wajumbe walipokwisha kuondoka, Yesu aliugeukia umati akamsifu Yohana huyo huyo mwenye mashaka, akisema katika wote waliozaliwa na wanawake hajatokea aliye mkuu kumzidi.